KIONGOZI HAPIMWI KWA FOMU, AFUNGUE VITABU



Sisi tunaoandika maneno haya ni watu wa genge la njia hapa Voi, na wengi wetu kwetu ni Kishushe, nyuma ya milima ya Taita, kule ambako tembo wa Tsavo huja usiku kula mazao ya watu na ambako mawe yenyewe ni chuma. Hatukusoma sana. Tulisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, tukafundishwa kusoma, kuandika, kujumlisha, kutoa na kusali. Lakini kazi yetu ya kila siku ni kupima, kwa hiyo neno hili la kupima twalijua, na ndiyo maana tumeona yafaa tuseme.

Chama kimoja cha ushirika, ambacho baadhi yetu tumo na ambacho hatutakitaja jina, kilituletea walimu wa semina. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, tukapewa soda, kisha tukagawiwa fomu. Juu ya fomu imeandikwa: Kupima Uongozi Wenye Kuwajibika. Maswali yalikuwa ishirini. Je, kiongozi wako husikiliza? Je, kiongozi wako ni mwaminifu? Je, kiongozi wako hujali maslahi ya wadogo? Kila swali lina visanduku vitano, kuanzia "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa", nawe utie alama kimoja.

Sikilizeni sasa jinsi jambo lilivyofanywa. Aliyesimama mlangoni kupokea fomu ni mwenyekiti yule yule anayepimwa. Anapokea, anaitazama, anacheka, anasema ahsante sana ndugu yangu, na kwapani ameshika faili la watu walioomba mikopo. Nani katika sisi angethubutu kutia alama kwenye kisanduku cha kwanza? Mmoja wetu ana mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Akatia "nakubali kabisa" mara ishirini, upesi upesi, akatoka kwenda kunywa chai. Baadaye tukatangaziwa kwamba uongozi umepata alama tisini na mbili kwa mia. Watu wakapiga makofi. Na sisi tulipiga, hatufichi.

Kazini kwetu hatupimi hivyo. Reli ya zamani, ile iliyofika Voi mwaka 1897, upana wake ni mita moja kamili, kutoka ubavu wa ndani wa chuma hiki mpaka ubavu wa ndani wa chuma kile. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 upana wake ni milimita 1,435. Nyapara hulaza kipimo juu ya vyuma viwili, huinama, husoma. Reli haiulizwi kama yajiona imenyooka, wala taruma haliulizwi kama linaipenda reli iliyo juu yake. Na njia ikizidi upana, treni haingoji semina.

Kijana mmoja wa kwetu anayesoma chuo kikuu alitusikia tukilalamika, akatucheka, akasema fomu hiyo msiitukane, ina ukoo na ninyi. Akatueleza kwamba vile visanduku vitano vilitungwa na Mmarekani aitwaye Rensis Likert, aliyeandika habari zake mwaka 1932. Baba yake alifanya kazi katika reli ya Union Pacific, naye mwenyewe alikuwa kijana akijifunza kazi katika reli hiyo hiyo mwaka 1922, wakati mafundi wa karakana za reli za Marekani, watu karibu 400,000, walipogoma kwa sababu ya kupunguziwa mshahara. Kijana yule akaona jinsi wakubwa na wafanyakazi wasivyosikilizana hata kidogo, na jambo hilo likamkaa moyoni, akaenda kutafuta elimu ya namna watu wanavyoongozwa. Habari hii ilitupendeza, na tangu siku hiyo hatuitukani fomu. Lakini twauliza: kipimo kilichozaliwa kwa sababu wakubwa hawakuwa wakisikia, kitawezaje kufanya kazi mahali ambapo mkubwa amesimama mlangoni akisoma jibu la kila mtu? Fomu isiyo na siri yapima woga. Alama tisini na mbili tulizotangaziwa zilikuwa hesabu ya kweli kabisa, ila tu zilihesabu wale wenye kungoja mikopo.

Basi kiongozi apimwe kwa nini? Twasema apimwe kwanza kwa kile ambacho hakiwezi kumwogopa, nacho ni kitabu cha hesabu.

Tuchukue kwetu Kishushe, maana hapo twajua kila jiwe. Ardhi ya ranchi yetu ni ya ushirika, na ndani yake kuna chuma. Malori yamekuwa yakibeba mawe hayo kwa miaka mingi, vumbi likiwaangukia watu na mifugo, na habari za nani anufaike na machimbo zimebishaniwa kwa muda mrefu, nyumbani na hata magazetini. Hapa hatusemi nani ni mwizi wala nani ni malaika. Sisi si mahakama. Twataka mtazame hesabu moja tu. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yasema kwamba katika kila shilingi mia ya mrabaha, sabini ni za Serikali ya Taifa, ishirini ni za kaunti, na kumi ni za jamii ya mahali panapochimbwa. Yasema tena kwamba mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa hana budi kuandikiana mkataba wa maendeleo na jamii hiyo. Haya ni maandishi, yapo, hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuyasoma.

Sasa nenda Kishushe ukamwulize mama anayechota maji: zile shilingi kumi katika mia ni ngapi kwa jumla, zimefika au hazijafika, na kama zimefika ziko mkononi mwa nani? Mkataba uko wapi, na nani aliutia sahihi kwa niaba yake? Atakujibu kwa habari za mikutano. Alikuja fulani akasema hivi, akaja fulani mwingine akasema vile, wakachinja mbuzi, wakapigana maneno, wakaondoka. Mama huyu amesikia hotuba nyingi kuliko Mbunge. Jambo ambalo hajaonyeshwa ni ukurasa mmoja wenye safu mbili, zilizoingia na zilizotoka.

Kiongozi yeyote anayesema anawatetea watu wa Kishushe, awe wa ranchi, wa kijiji, wa kaunti au wa chama cha siasa, na apimwe hapo. Amefanya nini ili mama yule apate kuuona ukurasa ule? Kama hana ukurasa, ameudai wapi, kwa barua ya tarehe gani? Akijibu kwa tarehe na nakala ya barua, huyo tutamsikiliza hata kama hajui kuhutubu. Akijibu kwa kutusimulia ubaya wa adui zake, tumemaliza naye.

Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya machimbo, sisi ni wa reli, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ugonjwa ni ule ule. Ndugu, kila mwezi ada yetu ya chama hukatwa katika mshahara kabla hatujauona, kisha mwajiri huipeleka kwa chama. Tafadhali lifikirini jambo hili polepole. Maana ukidai vitabu vifunguliwe, kuna viongozi husema: la, hizo ni siri za chama, mwajiri akizijua atatushinda. Lakini mwajiri ndiye anayezikata! Anajua mpaka senti chama kimeingiza kiasi gani mwezi huu na mwezi ule. Karani wake anayo orodha kwenye mashine. Katika watu watatu, yaani mwajiri, kiongozi na mwanachama, wawili wanajua na mmoja hajui, na huyo asiyejua ndiye mwenye fedha. Siri ya namna hii inamficha nani?

Na sheria haiko upande wa wenye kuficha. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka vyama vya wafanyakazi vikaguliwe hesabu na kupeleka taarifa kwa Msajili kila mwaka, na mwanachama ana haki ya kuvitazama vitabu vya chama chake. Vyama vya ushirika navyo vina sheria yao, na hesabu zilizokaguliwa hazina budi kusomwa mbele ya mkutano mkuu wa kila mwaka. Lakini ninyi mnajua zinavyosomwa. Saa saba mchana, watu wana njaa, wali unanukia, mweka hazina anasoma tarakimu kama anayekimbizwa na nyuki, kisha sauti yatoka nyuma: "Napendekeza zikubaliwe!" Na nyingine: "Naunga mkono!" Hapo mambo ya mwaka mzima yamekwisha kwa dakika nne. Tulihesabu.

Tumesikia vilevile kwamba kumwuliza mzee habari za fedha ni kumvunjia heshima. Jambo hili twalichukua kwa uzito, kwani sisi tumelelewa kuheshimu wakubwa, na hatutaki kijana yeyote asome karatasi hii akadhani tunamtuma kwenda kumtukana mzee. Lakini kwetu Kishushe ni nchi ya ng'ombe. Jioni mifugo ikirudi, mwenye ng'ombe husimama kwenye mlango wa boma akahesabu, mmoja mmoja. Mchungaji husimama kando akingoja. Hajawahi mchungaji kutupa fimbo chini na kulia kwamba ametukanwa kwa kuhesabiwa. Tena mchungaji mzuri hupenda hesabu ifanywe kabla hajala, maana ikikamilika usiku wake ni wa amani, na ikiwa ndama amepotea, apate kutafutwa kabla fisi hajamfikia. Mchungaji akianza kusema mbona huniamini, hapo ndipo mwenye ng'ombe huhesabu mara ya pili.

Kipimo cha pili ni kumtazama yule aliyeuliza. Miaka michache iliyopita, katika chama ambacho hatutakitaja, mwenzetu mmoja alisimama mkutanoni akauliza habari za mfuko wa maziko. Aliuliza kwa adabu, alianza na "Mheshimiwa Mwenyekiti" na kumaliza na "ahsante". Akaambiwa swali ni zuri, litajibiwa. Halikujibiwa mpaka leo. Bali yeye fomu yake ya mkopo ilirudi mara tatu. Mara sahihi ya mdhamini haionekani vizuri, mara picha ni ya zamani, mara kamati haikukutana. Wa nne wake, aliyeomba baada yake, alipata kwa siku tisa. Hakuna aliyemtisha wala aliyemgombeza, walimsalimu kwa tabasamu kila siku. Lakini sisi wengine wote tulisoma maandishi hayo vizuri kuliko tulivyosoma ile fomu ya semina, na tangu siku hiyo mkutano umekuwa kimya kama treni iliyokosa injini. Ukitaka kupima uongozi wa mahali, usimwulize kiongozi, wala usiwaulize waliokaa mbele. Tafuta mtu wa mwisho kuuliza swali gumu, umwulize maisha yake yamekuwaje tangu hapo.

Kuna na vibarua. Hao husahauliwa hata na sisi, na hapa twajishtaki. Katika genge letu kuna watu wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, wanaobeba taruma lile lile na kukanyaga kokoto ile ile, jua la Voi likiwachoma sawa na sisi. Mkutano wa chama ukija, wao hawaitwi, kwa sababu hawakatwi ada. Kiongozi akileta nyongeza kwa waliokatwa ada tu, tutamwimbia, na kweli atakuwa amefanya kazi yake, kwani nyongeza ni nyongeza na watoto wanakula. Walakini tusisahau kuuliza siku ile ile: je, kwa vibarua ulisema neno gani? Likiwepo, laweza kuonekana katika kumbukumbu za mkutano na mwajiri. Lisipokuwepo, basi tunaye kiongozi wa nusu ya genge.

Wengine husema, zamani watu hawakuwa na hesabu hizi zote na bado walikuwa na viongozi. Ni kweli walikuwa nao, na tuwakumbuke vizuri. Hapa Taita kulikuwa na chama kilichoitwa Taita Hills Association, na ndani yake akina Woresha Mengo na Jimmy Mwambichi, waliosimamia kilio cha watu kunyang'anywa ardhi. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho, pamoja na kile cha Wakikuyu na kile cha Wakamba, na viongozi wakawekwa kizuizini mbali na kwao. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kuanzia tarehe 13 Januari, watu wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahoteli, mpaka maboi wa majumbani. Mikutano yao waliifanya mahali peupe, kwenye uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini, kila mtu akasikia kinachosemwa na kinachokubaliwa. Chege Kibachia aliyekuja kuwa mkuu wa chama chao, African Workers Federation, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule akapelekwa kukaa Kabarnet, mbali na bahari na mbali na wafanyakazi wake.

Twasema haya kwa sababu ya swali moja tu. Mambo yalipoharibika, hasara ilimwangukia nani kwanza? Wale iliwaangukia wao. Siku hizi njia ya reli ikifungwa, ushirika ukianguka, mgodi ukisimama, tazameni nani analala njaa wiki ya kwanza na nani hata gari lake halikupunguza mafuta. Kipimo hiki hakihitaji karatasi, chahitaji macho. Wala hatusemi kiongozi awe maskini au afungwe jela ndipo tumwamini. Twasema asiwe mtu ambaye mvua ya chama haimnyeshei.

Sura ya Sita ya Katiba ya mwaka 2010, ile ya uongozi na uadilifu, siku hizi kila mgombea aijua kwa moyo. Huinukuu jukwaani kama tulivyokuwa tukisema katekisimu, na kwa faida ile ile tuliyoipata tulipokuwa tukisema bila kufikiri. Sisi tumechoka na kunukuu.

Kwa hiyo mkutano wa tawi unaokuja tutasimama na kuomba mambo haya, nanyi mkiyaona ya haki mtuunge mkono kwa sauti. Vitabu vya tawi viwekwe mezani juma zima kabla ya mkutano, si asubuhi ya mkutano, ili hata mtu wa zamu ya usiku apate kuvitazama. Tarakimu kuu zibandikwe ukutani, ada iliyoingia kando na safari, posho na kodi ya ofisi. Kama watu wa semina watarudi na fomu zao, waje, lakini sanduku likae nje, lifungwe, na lihesabiwe na watu wa sehemu nyingine, wa Mtito Andei au wa Mariakani, ambao hawatudai wala hatuwadai. Vibarua wawili waketi mkutanoni na waruhusiwe kusema. Na kila swali litakaloulizwa liandikwe pamoja na jina la aliyepaswa kulijibu na tarehe aliyoahidi.

Tunajua tutaulizwa: na ninyi je? Ni swali la haki. Genge letu lina mfuko wake mdogo wa chai na maziko, shilingi hamsini kwa mtu kila juma. Daftari lake limefungwa kwa kamba kwenye mlango wa kibanda cha zana, na yeyote apitaye husoma. Mwezi uliopita lilikutwa limepungua shilingi 340. Aliyekuwa akilishika ni mmoja wa sisi tunaoandika hapa. Alisema alinunua sukari na majani ya chai akapoteza risiti, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Alizilipa siku ya mshahara, na daftari akapewa kibarua mmoja mwenye hati nzuri. Maneno yote hayo yameandikwa ukurasa wa kumi na saba, pamoja na ya wawili waliosema hawakuridhika na maelezo. Atakayeona kosa jingine aliandike hapo hapo chini, kalamu imefungwa kwa uzi.

Ni sisi,
Watu wa genge la njia, Voi